Paa la Mkunazini: jinsi Kanisa Kuu la Kristo lilivyojengwa kwenye soko la watumwa

Mwalimu mmoja wa historia, anayejiandaa kuwapeleka wanafunzi wake Mji Mkongwe wa Zanzibar, ameniuliza swali lenye sehemu tatu kuhusu Kanisa Kuu la Kristo lililopo Mkunazini. Anataka kujua paa lake la zege limewezaje kusimama tangu karne ya 19 bila nguzo katikati ya ukumbi na bila nondo. Anauliza pia kama ni kweli kwamba ujenzi wa namna hiyo ulikuwa mgeni kabisa katika pwani yetu. Mwisho anauliza ni kiasi gani cha yale wanayoelezwa wageni kuhusu soko la watumwa, yaani madhabahu iliyowekwa mahali pa mti wa kuchapia na vyumba vya chini ya ardhi, kinachoweza kufundishwa darasani kama historia.

Mwalimu, naomba tuanze na paa, kwa sababu ukilielewa paa utakuwa umeielewa nusu ya jengo. Nyumba ya mawe ya Mji Mkongwe hupimwa kwa boriti. Kuta zake ni nene, zimejengwa kwa vipande vya mawe ya matumbawe vilivyoshikamanishwa kwa chokaa na udongo, na juu ya kuta hizo hulazwa boriti za mikoko, moja pembeni ya nyingine, ili zibebe sakafu ya ghorofa ya juu au dari. Boriti ya mkoko ni mti mgumu unaostahimili wadudu na unyevu kuliko miti mingi, lakini ule urefu wake unaoweza kubeba mzigo kwa usalama hauzidi sana mita tatu. Ndiyo maana vyumba vya nyumba za kale za Unguja, Lamu na Mombasa ni vyembamba, hata katika nyumba za matajiri. Mwenye mali aliweza kukirefusha chumba apendavyo, akakipamba kwa zidaka na milango ya kuchonga, lakini upana ulikuwa umekwisha kuamuliwa na mti.

Anayetaka ukumbi mpana katika utaratibu huo hana budi kupanga nguzo ndani, ili boriti zipokezane mzigo kutoka nguzo hadi nguzo. Hivyo ndivyo ilivyojengwa misikiti mingi ya kale ya pwani, na katika baadhi yake safu ya nguzo inasimama sawasawa mbele ya mihrabu, jambo linalomshangaza mgeni lakini halikuwasumbua walioijenga, kwa kuwa safu za wanaoswali hukaa vizuri tu kati ya nguzo. Ibada ya Kianglikana ya karne ya 19 ilikuwa na mahitaji tofauti. Waumini wote walitakiwa waione madhabahu iliyoko upande wa mashariki, wausikie usomaji, na maandamano ya wahudumu yapite katikati bila kizuizi. Ukumbi wa namna hiyo usingeweza kuezekwa kwa boriti za mikoko.

Njia iliyozoeleka Ulaya ilikuwa kuagiza mbao ndefu na kutengeneza kenchi, kisha kuezeka kwa vigae au mabati. Katika kisiwa chenye joto, mvua kubwa za masika, chumvi ya bahari na mchwa, paa la mbao za kigeni lingehitaji kutengenezwa mara kwa mara na misheni isiyokuwa na fedha nyingi. Edward Steere, mmisionari wa Kianglikana aliyelisimamia jengo hili kuanzia mwanzo, aliamua paa lote liwe zege: vipande vya matumbawe vilivyochanganywa na saruji ya Portland iliyoletwa kwa meli, vikamwagwa juu ya kiunzi cha mbao na kuachwa vigande kuwa tao moja refu linalofunika ukumbi kutoka ukuta hadi ukuta. Michoro ilitoka kwa msanifu wa Kiingereza, C. F. Hayward, lakini wazo la paa lilikuwa la Steere mwenyewe, mtu ambaye hakusomea ujenzi bali sheria. Watu wengi walitabiri kwamba kiunzi kikiondolewa paa litaanguka. Halikuanguka.

Sababu yake inaweza kufundishwa hata kidato cha kwanza. Jiwe, chokaa na zege vina nguvu kubwa vinapogandamizwa, lakini ni dhaifu vinapovutwa. Ukilaza zege tupu kama ubao kati ya kuta mbili zilizo mbali, upande wake wa chini huvutwa na hatimaye hupasuka, na ndiyo sababu siku hizi tunaweka nondo. Tao haliruhusu hali hiyo itokee, kwa sababu umbo lake hugeuza uzito wote kuwa mgandamizo unaotelemka kwa mviringo mpaka kwenye ukuta. Gharama ya faida hiyo ni kwamba tao halisukumi chini peke yake bali pia nje. Fikiria watu wawili walioegemeana migongo: watasimama imara muda wote ambao miguu yao haitelezi, na ikiteleza wataanguka wote wawili. Miguu ya paa la Mkunazini ni kuta za kanisa, na kwa kuwa tao linaendelea urefu wote wa ukumbi, msukumo wa nje unazifuata kuta hizo urefu wote. Kwa hiyo ilibidi kuta ziwe nene na nzito, na madirisha yawe membamba, ili kusiwe na sehemu kubwa iliyoachwa wazi pale ambapo msukumo unahitaji kupokelewa. Mwanafunzi akiuliza kwa nini mwanga wa ndani ni hafifu kuliko jua la nje lilivyo kali, jibu la kwanza ni hilo, kabla hata ya kuzungumzia vioo vya rangi.

Kuna mambo mawili zaidi kuhusu zege hilo ambayo nayaona yana uzito, ingawa hayatajwi sana. La kwanza ni wepesi wake. Tumbawe lina vitundu vingi, kwa hiyo zege lake ni jepesi kuliko zege la kokoto za mwamba mgumu, na tao jepesi husukuma kuta kwa nguvu ndogo zaidi. La pili ni chumvi. Mjenzi yeyote wa pwani anajua kwamba mawe na mchanga wa baharini hubeba chumvi, na chumvi ikikutana na chuma na unyevu, chuma hushika kutu, hufura, na kuupasua ule ukuta au ule mhimili kutoka ndani. Katika zege la kisasa lenye nondo, kokoto za matumbawe ni hatari inayojulikana. Zege la miaka ya 1870 hapa Unguja halikuwa na nondo, na umbo la tao halikuzihitaji. Kwa hiyo chumvi haikukuta chuma cha kula, na hilo, kwa maoni yangu, limelisaidia paa hili kuishi muda mrefu kuliko majengo mengi ya saruji yaliyokuja baada yake.

Ulinganisho unaofaa uko umbali wa dakika chache kwa miguu. Beit al-Ajaib, lililojengwa na Sultani Barghash na kukamilika mwaka 1883, lilifuata njia nyingine ya teknolojia mpya ya wakati ule: nguzo za chuma zilizozunguka baraza pana, na sakafu zilizobebwa na mihimili ya chuma, juu ya kuta za matumbawe. Lilikuwa jengo la fahari kuliko yote mjini. Sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, wakati wa kazi za ukarabati, na watu wawili wakafariki. Si haki kusema kwamba chuma peke yake ndicho kilicholiangusha, kwa kuwa jengo lilikuwa na maradhi mengi ya unyevu na ya kukosa matunzo kwa muda mrefu. Lakini mwanafunzi aliyesimama mbele ya majengo hayo mawili katika siku moja ataona namna mbili za kujibu swali moja, yaani namna ya kupata ukumbi mpana katika mji uliozoea boriti ya mita tatu.

Nikija kwenye sehemu ya pili ya swali, sikubaliani na wanaosema kwamba tao la mawe lilikuwa kitu kigeni katika pwani yetu mpaka Wazungu walipofika. Nenda Kilwa Kisiwani. Msikiti Mkuu wa pale, ambao sehemu yake ya kaskazini ni ya karne ya 11, ulipanuliwa sana katika karne ya 14 chini ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yuleyule aliyekuwa akitawala Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331. Upanuzi huo, pamoja na matengenezo yaliyofuata katika karne ya 15, uliezekwa kwa makuba na matao ya matumbawe na chokaa yaliyokaa juu ya safu za nguzo, na mengi ya hayo yapo mpaka leo. Kisiwani Unguja kwenyewe, hamamu ya Kidichi iliyojengwa mwaka 1850 katika enzi ya Seyyid Said ina makuba, na hamamu ya mjini iliyojengwa na Barghash ambayo imeuachia mtaa jina la Hamamni nayo ina vyumba vilivyofunikwa kwa namna hiyo. Mafundi waliojua kupiga kiunzi, kuchoma chokaa na kumimina kuba walikuwapo kabla misheni haijafika.

Upya wa Mkunazini, basi, haukuwa tao lenyewe. Ulikuwa upana wake, urefu wake kwenda juu, na saruji. Kule Kilwa kila kuba hufunika nafasi ndogo kati ya nguzo nne, nafasi ambayo upana wake unakaribia ule wa chumba cha boriti, hivyo msukumo wake ni mdogo na majirani zake huupokea. Paa la kanisa linavuka ukumbi mzima mara moja. Chokaa peke yake kingeifanya kazi hiyo kuwa ngumu sana, kwa sababu chokaa hugumu polepole kwa kuvuta hewa, na katika pande nene sehemu ya ndani hubaki laini kwa muda mrefu, huku kiunzi cha mbao kikisubiri chini yake. Saruji ya Portland, iliyopewa hataza na Joseph Aspdin nchini Uingereza mwaka 1824, hugumu kwa kuungana na maji, na hivyo huiva hata katikati ya pande nene. Steere aliunganisha jiwe la hapa na kiungo cha kule. Ninapenda wanafunzi walielewe hilo vizuri, kwa kuwa mara nyingi jengo hili husimuliwa kana kwamba lilisafirishwa lote kutoka Uingereza, ilhali sehemu kubwa ya kile wanachokiona kwa macho imetoka katika mwamba wa kisiwa na imepita katika mikono ya waashi wa kisiwa.

Mpango wa jengo nao unahitaji maneno machache. Ni kanisa la namna ya basilika, yaani ukumbi mrefu unaoishia upande wa mashariki kwa sehemu ya nusu duara. Madirisha na mapambo yake yamechanganya mtindo wa Kigothi na vipengele vinavyofahamika katika majengo ya Kiislamu, jambo ambalo mtu huliona zaidi kwa nje. Lakini kwangu jambo lenye maana kubwa zaidi liko nyuma ya madhabahu. Pale kuna kiti cha askofu, na pembeni yake viti 12 vya makanoni, yaani makasisi wa baraza la kanisa kuu, vilivyopambwa kwa madini, vikiwa na majina ya watu wa Biblia yaliyoandikwa kwa Kiswahili. Kumweka askofu nyuma ya madhabahu akiwaelekea watu, na wazee wake wakiwa wamemzunguka katika nusu duara, ni mpangilio wa makanisa ya karne za mwanzo za Ukristo, yakiwemo ya Afrika ya Kaskazini, na si mazoea ya makanisa makuu ya Uingereza ya zama za kati, ambako viti vya makasisi hupangwa mbele ya madhabahu katika safu mbili zinazotazamana. Dirisha lililo nyuma ya madhabahu limepambwa kwa picha za watakatifu wa Afrika, wa Misri, Kartago na Ethiopia. Ukiviweka pamoja viti hivyo na dirisha hilo, unaona hoja iliyokusudiwa: kwamba Ukristo katika bara hili una umri mkubwa kuliko misheni iliyolijenga kanisa hili.

Majina hayo ya Kiswahili kwenye viti yanatuleta kwa Steere mwenyewe. Alizaliwa London mwaka 1828 na alifika Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu William Tozer, baada ya misheni ya vyuo vikuu, iliyoanzishwa kufuatia hotuba ya David Livingstone huko Cambridge mwaka 1857, kushindwa katika jaribio lake la kwanza bara, kusini mwa Ziwa Nyasa. Askofu wa kwanza wa misheni hiyo, Charles Mackenzie, alifariki mwaka 1862 kwa homa, na Tozer akaamua kuhamia kisiwani. Steere alijifunza Kiswahili cha Unguja kwa bidii ambayo bado inatunufaisha: mwaka 1870 alichapisha kitabu cha sarufi na pia mkusanyiko wa hadithi alizosimuliwa na watu wa mjini, na baadaye akawa miongoni mwa wafasiri wakuu wa Biblia kwa Kiswahili. Tozer alipojiuzulu kwa sababu ya afya, Steere aliwekwa wakfu kuwa askofu mwaka 1874, wakati kuta za Mkunazini zilikuwa zimeanza kuinuka. Ujenzi ulichukua takriban miaka saba. Alifariki Agosti 1882 na akazikwa nyuma ya madhabahu, chini ya lile paa lililodhaniwa kwamba lingeanguka.

Sasa soko. Biashara ya watumwa mjini Unguja haikufanyika mahali pamoja kwa miaka yote. Soko la awali lilikuwa upande wa Shangani, kisha likahamia Mkunazini, ambapo lilibaki mpaka Barghash alipotia saini mkataba na Uingereza tarehe 5 Juni 1873. Mkataba huo, uliopatikana baada ya shinikizo kubwa la mjumbe wa Uingereza, Sir Bartle Frere, na kisha la balozi John Kirk pamoja na tishio la kuufunga mji kwa manowari, ulipiga marufuku kusafirisha watumwa kwa bahari na ukafunga masoko ya wazi. Sehemu ya kiwanja ilinunuliwa na kasisi wa misheni, Arthur West, na sehemu nyingine ilitolewa na Jairam Senji, mfanyabiashara mkubwa wa Kihindu. Jiwe la msingi liliwekwa siku ya Krismasi mwaka huohuo wa 1873, miezi isiyozidi saba baada ya mkataba.

Hapa, Mwalimu, nakuomba uwe mkali kidogo na maneno ya mabango. Wageni wengi huondoka wakiamini kwamba kanisa lilijengwa kuadhimisha mwisho wa utumwa. Mwaka 1873 ulikuwa mwisho wa soko la wazi. Utumwa wenyewe uliendelea kuwa halali katika mashamba ya karafuu na katika nyumba za Unguja na Pemba. Amri ya kuuondolea utumwa hadhi ya kisheria ilitolewa mwaka 1897, na hata hiyo iliwaacha masuria nje mpaka mwaka 1909. Maana yake ni kwamba kwa zaidi ya miaka 15 kanisa lilikuwa limekwisha kamilika huku watu waliomilikiwa na wengine wakipita mbele ya mlango wake kila siku. Ukweli huo hauipunguzii misheni heshima kwa kazi iliyofanya ya kuwapokea watu waliokombolewa baharini, kuwapa makazi Mbweni na kuwasomesha vijana wao Kiungani. Ila unawapa wanafunzi historia yenye hatua zake zote, badala ya hadithi inayoanza gizani na kuishia mwangani katika mwaka mmoja.

Kuhusu madhabahu, mapokeo yanasema kwamba imesimama pale ulipokuwa mti ambao watumwa walifungwa na kuchapwa, na mahali hapo pameonyeshwa sakafuni kwa duara la marumaru nyeupe lililozungukwa na rangi nyekundu ya damu. Kwamba kanisa limesimama katika eneo la soko ni jambo lisilo na shaka. Kwamba madhabahu iko kwenye nukta ileile ni mapokeo ya kanisa, yaliyopokewa tangu zamani na yenye uzito mkubwa kwa waumini, na ningeyafundisha hivyo hivyo: kwa neno inasimuliwa. Lakini kilicho hakika zaidi kuliko mti ni uamuzi wa waliojenga. Walikuwa na kiwanja kizima cha kuchagua, na walichagua kuyaunganisha mateso ya mahali pale na madhabahu, mahali ambapo Mkristo hukumbuka mateso ya mwingine. Huo ni uamuzi wa kiusanifu wenye maana, na unasomeka sakafuni bila kuhitaji kumbukumbu ya mtu yeyote.

Nguzo zilizogeuzwa ni jambo dogo ambalo wanafunzi watalipenda. Upande wa magharibi, karibu na mahali pa ubatizo, kuna nguzo fupi za marumaru ambazo zimesimamishwa kichwa chini, tako likiwa juu. Inasimuliwa kwamba mafundi waliziweka hivyo Steere alipokuwa safarini, naye aliporudi akaziacha. Iwe ndivyo au la, kugeuzwa kwenyewe kunaonekana kwa macho, na ni zoezi zuri: mwambie mwanafunzi atafute kichwa cha nguzo na tako lake kabla hujamweleza chochote. Kwa upande wa kushoto wa sehemu ya kwaya kuna msalaba uliotengenezwa kwa mti wa Chitambo, katika Zambia ya leo, ambako moyo wa Livingstone ulizikwa baada ya kufariki tarehe 1 Mei 1873, kabla watumishi wake, walioitwa Chuma na Susi, na wenzao hawajaubeba mwili wake mpaka pwani. Vilevile kuna kumbukumbu za mabaharia wa Kiingereza waliokufa katika doria za kuzuia majahazi ya watumwa. Nimezoea kuwaomba wanafunzi wahesabu majina ya watu waliouzwa pale sokoni yaliyoandikwa kwenye kuta, wayalinganishe na majina ya mabaharia na wamisionari, kisha wajadili walichokiona.

Pengo hilo la kumbukumbu ya watu waliouzwa ndilo lililojaribiwa kuzibwa mwaka 1998, pale msanii wa Sweden, Clara Sörnäs, alipoweka nje ya kanisa sanamu tano za watu waliosimama ndani ya shimo, shingoni wakiwa na minyororo ya kweli ya wakati wa biashara hiyo. Miili yao inachomoza kutoka katika jiwe la chini bila kutoka kabisa. Kama utakuwa na muda mfupi, mnara wenye saa, ambayo inasemekana ilitolewa na Barghash, uutazame kwa kupita tu, na muda uliobaki utumie hapa.

Limebaki suala la vyumba vya chini ya jengo la Mtakatifu Monika, lililo jirani na kanisa. Wageni huteremshwa kwa ngazi mpaka katika vyumba viwili vya dari ya chini, vyenye madirisha madogo kama nyufa, wakaelezwa kwamba watumwa walifungiwa humo wakisubiri kuuzwa. Hisia anazopata mtu mle ndani ni za kweli na sizidharau. Hata hivyo jengo lililo juu yake lilijengwa na misheni baada ya soko kufungwa, likatumika kama hospitali, na wanahistoria kadhaa wa Zanzibar wanashikilia kwamba vyumba hivyo ni sehemu ya jengo hilo, yaani ghala zake. Mwalimu wa historia hawezi kulipita jambo hilo kimya. Ushauri wangu ni uwaingize wanafunzi, uwaeleze madai yote mawili, kisha uwaulize ushahidi wa aina gani ungeweza kuamua: tarehe ya msingi, aina ya chokaa au saruji iliyotumika, jinsi kuta za chini zinavyoungana na za juu, na maandishi ya watu walioliona soko kabla ya 1873. Kwamba maelfu ya watu walizuiliwa mjini humu katika hali ya kutisha kabla ya kuuzwa hakuna anayelipinga, na halitegemei vyumba hivyo viwili.

Mwisho, umeniuliza pia kwa kupita tu kama jengo liko salama. Mwaka 2014 liliwekwa katika orodha ya uangalizi ya World Monuments Fund, shirika la kimataifa la kuhifadhi majengo ya kihistoria, na kazi kubwa ya ukarabati ikafuata pamoja na kufunguliwa kwa kituo cha maonyesho ya historia ya biashara ya watumwa Afrika Mashariki. Tatizo lake ni lile la Mji Mkongwe mzima: maji yanayopenya kupitia paa, unyevu unaopanda kutoka ardhini, na mazoea ya kuzipaka plasta ya saruji kuta zilizojengwa kwa chokaa. Ukuta wa chokaa hupitisha unyevu ndani na kuutoa nje; ukifunikwa kwa saruji nzito, unyevu hukwama ndani, chumvi hukusanyika nyuma ya plasta, na jiwe hulika polepole mpaka plasta yote ianguke pamoja na uso wa jiwe. Ukiona sehemu ya ukuta ambako plasta imetoka kwa vipande vikubwa vigumu, waonyeshe wanafunzi, kisha waonyeshe sehemu iliyotiwa chokaa, ambako uso hupukutika taratibu kama unga na huweza kupakwa upya bila kulidhuru jiwe lililo chini yake.